Mwaka Niliomchagulia Kamene Nguo za Baridi

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumatano, madam alisimama kwenye mlango wa jikoni nyumbani kwa mama mkwe wake, Jeddah, akanipa bahasha na kuniambia kwamba Kamene hana nguo za baridi. Safari ya Uturuki, kwenye theluji, ilikuwa asubuhi inayofuata. Masanduku saba yalikuwa yamepangwa ukutani pamoja na mifuko miwili mirefu ya mbao za kutelezea theluji, na ndani ya mizigo yote hiyo hapakuwa na soksi hata moja ya mwanamke aliyekuwa anakwenda kumshika mtoto mdogo wa madam. "Mchagulie wewe," madam alisema. "Wewe unajua nguo." Ninaijua saa hiyo kwa sababu niliiandika. Dereva wa nyumbani asiyeandika saa huambiwa alichelewa.

Miaka tisa imepita. Mwezi uliopita, siku ya Ijumaa, nikiwa chumbani kwangu hapa Jeddah ambako sasa ninatunza stoo ya vigae, simu ililia kwa namba ya Kenya nisiyoijua. "Profesa," sauti ikasema, na kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuniita hivyo. "Bado uko huko?" Nikamwambia bado. "Na bado unaandika-andika?" Bado. Kamene akacheka kidogo, kisha akaniambia shida yake. Binti wa jirani yake amepata kazi ya nyumbani Riyadh, na mabosi wake wanampeleka theluji mwezi ujao. "Ananiuliza abebe nini. Nikamwambia ngoja, kuna mtu wa kuuliza." Nilimwambia nitaandika orodha na kumpigia baada ya saa moja. "Saa yako naijua," akasema, "ni dakika sitini bila hata moja ya bakshishi."

Orodha ilinichukua dakika kumi, maana ninaijua kwa moyo. Zile hamsini zilizobaki nilikaa kitandani. Katika kazi ile ya kumvisha Kamene nilifanya makosa mawili. La kwanza lilikuwa la kutojua, na yeye analifahamu, kwa kuwa lilimtoa vidole saba vya miguu. La pili lilikuwa sentensi moja niliyomwambia dukani. Hakujua kwamba ilikuwa uongo, na nilikuwa na dakika hamsini za kuamua kama atajua.

Mwaka ule tulikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, katika nyumba ya ghorofa mbili yenye ukuta mrefu kuliko paa la gari. Chumba changu kilikuwa kando ya geti, mita mbili na nusu kwa tatu. Nilikipima kwa tepu. Chumba cha Kamene kilikuwa juu, karibu na mashine za kufua. Hatukuruhusiwa kukaa pamoja, kwa hiyo urafiki wetu wote ulipitia dirisha la jikoni lenye nondo. Alikuwa ananipitishia sahani kwa chini, mahali ambapo nondo moja ilikuwa imepinda: wali wa kabsa uliobaki, mkate, na Ijumaa ugali wa unga niliokuwa nanunua soko la Batha. Nilikuwa nakula nimesimama upande wa nje, naye akiosha vyombo upande wa ndani, na tulizungumza bila kutazamana ili mtu akipita aone mtu anakula na mtu anaosha. "Leo umesoma nini, Profesa?" Nilisoma chochote kilichokuwa na maandishi: chupa za dawa, makopo ya oili, kitabu cha gari, magazeti yaliyofungiwa mboga. "Betri," ningemjibu. "Na betri imesemaje?" Shule niliiacha kidato cha pili. Yaliyofuata nilijifundisha mwenyewe na kuyaandika daftarini kwa mpangilio, na nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye hajawahi kusahihishwa na mwalimu.

Nguo sikuzisoma. Nguo nilizijua kwa mkono. Kabla ya kuja Uarabuni nilifanya kazi soko la Gikomba, Nairobi, miaka tisa, upande wa makoti ya mitumba. Mzigo ukifunguliwa, watu kumi wameinama juu yake, una sekunde mbili kwa kila koti. Unaingiza mkono chini ya kola, unainua. Likiwa zito ni kamera, lile la kwanza, la bei. Likiwa jepesi ni fagia, unalitupa kwenye rundo la mwisho. Nilikuwa hodari. Makoti yangu yalivaliwa na walinzi wa usiku na waendesha boda kuanzia Juni hadi Agosti, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyerudi kuniambia koti lilimwangusha. Kwa Nairobi kanuni ile ilikuwa sahihi. Sikujua kwamba kanuni inaweza kuwa sahihi mahali pamoja tu.

Wiki tatu kabla ya safari niliwapeleka bosi, kijana wake Turki wa miaka kumi na saba na dada yake Lamis wa kumi na minne kwenye duka moja kubwa la michezo. Mimi nilibeba masanduku. Muuzaji alikuwa Mmisri mwenye subira, na ninamkumbuka kuliko watu wengi niliowahi kuishi nao. Alimsimamisha Turki kando ya ubao akahakikisha ncha inafika kati ya kidevu na pua, kisha akamuuliza uzito wake, maana urefu peke yake hautoshi. Kisha, bila kumwambia, akampitia nyuma akamsukuma kidogo. Turki akayumba, akatanguliza mguu wa kulia. "Unanisukuma?" akauliza kwa hasira. "Nauliza mguu wako," Mmisri akasema. "Wewe hujui utatanguliza upi. Mguu wenyewe unajua." Akafunga vile vifungo vya ubao kufuata mguu ule. Kwenye buti alikuwa mkali zaidi. Vidole viguse mbele kidogo ukisimama, virudi nyuma ukikunja goti, na soksi iwe jozi moja ya sufu. "Moja. Ukivaa mbili umejikaba miguu, damu haipiti." Jaketi akazipanga mezani tatu tatu: ya ndani ya kukausha jasho, ya kati ya kushika joto, ya nje ya kuzuia maji. Akainua ya kati, iliyojazwa manyoya ya bata, kwa kidole kimoja. "Joto halina uzito," akasema. "Na pamba mafi, hakuna. Pamba ikilowa ni barafu."

Bosi akanigeukia. "Huyu Mmisri atatuuzia hata hewa."

Nilicheka pamoja naye. Nikiwa kwenye maegesho, nikiwasubiri, niliandika kila neno la yule muuzaji, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Pembeni ya ukurasa nikaongeza kwa mkono wangu: maneno ya kuuzia. Ukurasa huo ninao.

Jioni ile Kamene aliuliza kupitia nondo, "Na mimi wameninunulia nini?" Nikamwambia zamu yake itafika. "Lini?" Kesho. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na theluji aliisubiri kama mtoto anavyosubiri kufunguliwa zawadi. Alikuwa amebuni mazoezi yake: kila akitoa nyama alikuwa anaacha mkono ndani ya friza huku akihesabu. "Leo nimefika mia na ishirini," alikuwa ananiambia. "Theluji itanikuta tayari." Nilimwambia aongeze hadi mia mbili. Tulikuwa tunacheka. Kesho ikawa wiki tatu, wao wakapanda ndege ya Jeddah, mimi nikaendesha gari na mizigo mchana kutwa, na nilipofika ndipo madam alipofungua mfuko mdogo wa Kamene na kukuta viatu vya wazi.

Hivyo ndivyo tulivyojikuta Balad, mji wa kale wa Jeddah. Madam na mama mkwe wake waliingia duka la dhahabu na kutupa saa moja. Nilimwongoza Kamene kwenye kichochoro cha nyuma, chini ya majumba yale ya mawe ya matumbawe, hadi duka la mzee mmoja wa Kiyemeni anayeuza makoti kwa wasafiri. Ndani palikuwa na feni moja tu, nayo ilikuwa inamtazama mwenye duka. Nje kulikuwa na joto la kulowesha shati, ingawa ulikuwa mwezi wa Januari. Nilifurahi. Niseme ukweli: ilikuwa mara ya kwanza katika nchi ile mtu kuniomba kitu nilichokuwa fundi wake.

Nikabuni kipimo. Kwa kuwa hapakuwa na baridi ya kujaribia, nilisema tutajaribia joto: Kamene avae koti, afunge zipu, nami nitazame saa hadi jasho limtoke kwenye paji la uso. Koti la kwanza lilikuwa la pamba nzito, la kijivu, la kilo tatu hivi. Dakika nne. "Kamera," nikasema. Kamene, amevimba kama gunia, akasema, "Nikianguka na hili nani ataniinua?" La pili alilichukua yeye mwenyewe kwenye msumari: jaketi ya zambarau, iliyojaa manyoya, nyepesi kama mkate wa boflo. Dakika mbili na nusu, jasho likamtiririka.

"Hii imenishika haraka, Profesa."

"Hilo ni jasho la nailoni. Nailoni haipumui."

"Lakini si ndiyo tunatafuta? Joto?"

"Tunatafuta joto la koti, si la plastiki."

Yule mzee, aliyekuwa anatufuata kwa macho tu, akasema kwa Kiarabu kwamba ile nyepesi ndiyo wanayoichukua wanaokwenda milimani. Niliingiza mkono chini ya kola nikainua, sekunde mbili, na mkono wangu ukaniambia fagia. Kamene alikuwa bado ameivaa, anajitazama kwenye kioo kilichopasuka. "Naipenda hii," akasema. "Hata rangi." Nikaona mabishano yanakuja na saa inakwenda. Nikamwambia:

"Pesa haitoshi, Kamene."

Hapohapo alifungua zipu. Kati yetu sisi watu wa mshahara mdogo, hiyo ndiyo hoja isiyo na jibu, na niliitumia kwa sababu nilijua haina jibu. Alikunja mikono ya jaketi vizuri akairudisha msumarini. "Basi, halas," akasema. "Lete gunia langu."

Pesa ilitosha. Ingetosha jaketi ile, na buti zenye manyoya ndani, na soksi za sufu, na bado chenji ingebaki. Lakini dereva aliyenitangulia katika nyumba ile alifukuzwa kwa risiti za petroli, na jina lake lilikuwa limegeuka neno la nyumbani. Mtoto akiiba biskuti aliitwa kwa jina hilo. Mwaka wa pili sasa nilikuwa nasubiri nafasi ya kurudisha chenji kubwa, ya kuonekana. Niliamini pia, kwa dhati, kwamba koti zito ndilo bora. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu bila kugombana, na hilo ndilo nisilolielewa hadi leo.

Nikamchagulia buti za ngozi, namba thelathini na tisa kamili, suruali za jinzi nene mbili, sweta za pamba, kofia ya mavin, glavu za kufuma na soksi za pamba dazeni moja. "Vaa tatu tatu," nikamwagiza. Alipojaribu buti na soksi tatu ilibidi nipige magoti nimsukumie kisigino.

"Zinabana."

"Ni ngozi. Itaachia."

Walikaa Uturuki siku tisa. Niliwapokea uwanja wa ndege, na Kamene alitoka wa mwisho, kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kinasukumwa na Turki. Miguu yake ilikuwa imefungwa taulo za hoteli. "Theluji ilikuwaje?" nilimuuliza kijana, kwa kuwa sikujua niulize nini. "Wallah, tamu sana," akasema, kisha akatazama chini kwenye kiti. Ndani ya gari palikuwa na harufu. Madam alifungua dirisha.

Hospitalini nilimtembelea mara tatu. Mara ya kwanza alinieleza yote kwa utaratibu, kana kwamba anajua kwamba nitataka utaratibu. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya mteremko na mtoto mdogo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, akishika simu, maji na glavu za ziada za Turki na Lamis. Mtoto alitaka kukaa kwenye theluji, naye akakaa pamoja naye. Siku ya kwanza jinzi ililowa hadi mapajani na haikukauka. Ndani ya buti soksi zilijaa jasho. Koti lilinyonya maji likawa zito hata asiweze kumbeba mtoto. "Siku ya pili miguu ilikuwa baridi. Halafu ikauma, Profesa, nikataka kulia. Halafu ikaacha. Nikasema asante Mungu, sasa imezoea." Jioni alipovua, vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na alipovigonga kwenye sakafu ya bafu vilitoa sauti. Akaviweka kwenye maji ya moto. Kesho yake alivaa tena soksi tatu, kwa sababu niliagiza tatu.

Muuguzi mmoja wa Kifilipino alinieleza kwenye ukumbi kwa nini imekuwa hivyo: unyevu, pamba, na kiatu kilichobana damu. Alieleza kwa maneno yaleyale ya Mmisri. Baadaye nilisoma kila nilichokipata juu ya jambo hilo, na sasa ninaweza kumvisha mtu yeyote kwa mlima wowote duniani. Ni elimu kamili. Haina mtu wa kumfaa.

Mara ya tatu ilikuwa siku moja baada ya kukatwa vidole, vitano vya kushoto na viwili vya kulia. Bosi na madam walikuja pia. Bosi alisimama miguuni mwa kitanda akauliza, si kwa ukali, ni nani aliyenunua nguo zile. Nilifungua mdomo. Kamene akawahi, kwa Kiarabu chake cha jikoni: "Profesa hana makosa, baba. Fulus galil." Pesa ilikuwa kidogo.

Madam alinitazama. Yeye ndiye aliyenipa bahasha, na jioni ileile ya Balad nilikuwa nimemwekea chenji mkononi pamoja na risiti, naye akaniambia mbele ya mama mkwe wake kwamba mimi ni mtu mwaminifu. Nami nilimtazama. Angeweza kusema, na ningeweza kusema. Alitengeneza shuka la Kamene pembeni, mahali ambapo halikuwa limeharibika, na bosi akaguna akatoka kupokea simu. Wiki sita baadaye ikama ya Kamene, kibali chake cha kuishi, ilifungwa akarudishwa kwao, miezi minane kabla ya mkataba kuisha. Madam na mimi hatukuwahi kulizungumza. Alianza kunituma dukani mara nyingi zaidi kuliko zamani, na hakuwahi tena kuniomba risiti.

Dakika ya sitini nilimpigia. Alikuwa dukani kwake, anauza mayai kwa trei. Nilisikia wateja. Nilimsomea orodha polepole, naye akamrudia yule binti kwa sauti: nguo ya ndani ya sufu, jaketi ya manyoya nyepesi, ya nje isiyopitisha maji, suruali ya nailoni, buti namba moja juu ya mguu wake, soksi ya sufu jozi moja tu. "Anauliza mbili je?" Moja. "Anauliza jinzi?" Pamba isimguse mwili. Nilisikia kalamu ya yule binti ikikwaruza, na kisha Kamene akasema, kwa wema ambao sikuustahili, "Ungejua haya wakati ule, Profesa. Lakini hata ungejua, kwa pesa ile ungefanya nini."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sentensi tatu, kwa kuwa nilikuwa nimeziandika chini ya orodha: pesa ilitosha, nilikudanganya, chenji nilimrudishia madam.

Mteja aliuliza bei ya trei. "Ngoja kidogo, mama," Kamene akasema. Halafu kwangu: "Madam alijua?"

"Alijua."

"Siku ile nikisema fulus galil?"

"Alijua."

"Na wewe umesimama hapo."

"Nimesimama hapo."

Nilisikia akimwambia yule binti atoke nje kidogo, na kiti kikivutwa, na yeye akikaa, taratibu, kama mtu anayeanza kwa kushika meza. Hakulia, wala hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Ilibaki ngapi?" akauliza.

Sikuhitaji kufungua daftari. Riyali mia mbili ishirini na mbili.